Mnyang'anyi Aliyemfundisha Imamu

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam, jioni ya Ramadhani, mbele ya wafanyakazi, wafanyabiashara na wastaafu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nilichopunguza ni salamu ndefu za mwanzo na vichekesho viwili ambavyo hata siku ile havikuchekesha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, na majirani zetu Wakristo mlioitika mwaliko, karibuni sana.

Walionialika wameniomba nizungumzie namna mtu anavyoachana na dunia mpaka akawa karibu na Mola wake, ukaribu ule ambao masufi, watu wa njia ya moyo katika Uislamu, huuita umoja. Nikawaambia mada hii ina miiba. Aliyeshiba akisimama kumhubiria mwenye njaa aache dunia, hayo ni matusi yaliyovaa kanzu. Leo afadhali sote tuna njaa mpaka adhana ya magharibi, tuko sawa kidogo. Hata hivyo sitaizungumzia dunia yote. Nitawasimulia habari za mtu mmoja aliyebanwa karibu miezi sita na kitu kimoja alichoshindwa kukiachia, na kitu chenyewe hakikuwa fedha.

Mtu huyo ni Imamu Abu Hamid Ghazali. Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambako leo ni Iran. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alikwenda Jurjan kutafuta elimu, akawa anaandika kila alichokisikia kwa mwalimu wake. Alipokuwa njiani kurudi kwao, msafara ukavamiwa na wanyang'anyi. Wakachukua kila kitu, pamoja na mkoba wake wa karatasi, wakaenda zao. Wenzake nadhani walimshukuru Mungu kwa kubaki hai. Yeye akawafuata wanyang'anyi.

Hebu mfikirieni kijana huyo. Hana silaha, hana mnyama wa kupanda, anawakimbilia watu waliokwisha kumsamehe uhai wake. Mkubwa wao akageuka akamwambia: rudi, ole wako, utakufa. Kijana akasema: nakuomba kwa yule unayemtarajia akusalimishe, nirudishieni maandishi yangu tu, hayana faida kwenu. Maandishi gani? Karatasi zilizomo katika mkoba ule. Nilihama kwetu ili nizisikie, niziandike na niijue elimu iliyomo. Yule mnyang'anyi akacheka. Akamwambia: unadai vipi kuwa umeijua elimu, nasi tumekunyang'anya karatasi tu, umebaki huna elimu? Akamwamuru mmoja wa watu wake amrudishie mkoba.

Ghazali alisema baadaye kwamba Mungu ndiye aliyemtamkisha mtu yule ili amwongoze. Akafika Tus, akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, hata akivamiwa tena asipungukiwe na kitu.

Walimu wa madrasa wanakipenda kisa hiki. Wanakitumia kuwahimiza watoto wahifadhi, na ni haki yao. Mimi nikikisoma naona Ghazali alielewa nusu ya somo. Aliitoa elimu mkobani akaiweka kichwani, mahali ambapo mkono wa mnyang'anyi haufiki. Lakini bado aliishikilia vilevile, kwa nguvu zilezile za yule kijana anayekimbia nyuma ya farasi. Ile nusu ya pili ilimfuata mpaka Baghdad.

Mwaka 1091 Nidhamulmulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, alimpa Ghazali kiti cha ualimu mkuu katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Alikuwa na miaka 33 hivi. Msidhani ilikuwa ajira ya kawaida ya kuingia asubuhi na kutoka jioni. Baghdad ndiko alikokaa khalifa, na aliyekalia kiti kile neno lake lilifika kwa khalifa na kwa masultani. Yeye mwenyewe ametaja kuwa alikuwa na wanafunzi 300. Mwaka uliofuata waziri aliyempa kazi akauawa, na punde baadaye Sultani Malikshah naye akafa. Kama ni mauti ya kumzindua mtu, yalikuwa yamepita mlangoni kwake. Lakini anaposimulia kilichomtikisa, hasemi ni vifo hivyo.

Anasema alijitazama. Akautazama ufundishaji wake, ambao ndio uliokuwa bora kuliko kazi zake zote, akaihoji nia yake: hivi hii kazi naifanya kwa ajili ya nani? Akakuta haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa kutafuta cheo na jina kuenea.

Jamani, hapa ndipo penye mada yetu. Angekuwa mla rushwa tungesema atubu, yamekwisha. Angekuwa mlevi, dawa inajulikana. Huyu alikuwa anafundisha dini! Na kufundisha dini ndiko kulikosimama kati yake na Mungu. Sheria ya kumkataza kufundisha haipo. Sheikh wa kumwambia "hii ni haramu, acha" hayupo. Kifungo chake kilikuwa kimefumwa kwa uzi wa ibada, na vifungo vya namna hiyo hakuna anayekuja kukufungulia, kwa sababu watu wanavisifia.

Basi ikaanza Rajabu ya mwaka 488 wa Hijria, ambao ni mwaka 1095. Siku moja anaazimia kutoka Baghdad, siku ya pili azma imevunjika. Anatanguliza mguu mmoja, anarudisha mwingine. Asubuhi hamu ya akhera inapanda, jioni jeshi la matamanio linaivamia na kuizima. Na shetani, anasema Ghazali, alikuwa akimnong'oneza maneno ya busara kabisa: hii ni hali ya kupita tu, usiifuate; ukiacha cheo hiki kipana na maisha haya yaliyotulia, nafsi yako itakuja kukidai tena, na kukirudia haitakuwa rahisi. Nataka mwone jinsi ushauri huo unavyofanana na ule tunaopeana sisi kwa nia njema. Kaa kwanza, usikurupuke, nafasi kama hii utaipata wapi?

Mwisho mwili ukaamua. Ulimi ulifunga. Siku moja alijilazimisha afundishe ili awaridhishe waliokuja kumsikiliza, na neno moja halikutoka. Kisha tumbo likakataa. Hakuweza kumeza maji vizuri wala kusaga tonge moja la chakula. Waganga wakakata tamaa, wakasema hili ni jambo lililoshuka moyoni na kutoka huko likaenea mwilini, na halitibiki mpaka sononeko lenyewe liondoke. Karne ya 11 hiyo, nao waganga hawakumpa dawa ya vidonda vya tumbo. Nawapa heshima yao.

Hapo, anasema, alipoona ameishiwa na hila zote, alimkimbilia Mungu kukimbilia kwa mtu asiye na namna. Ndipo ikawa wepesi kwake kuviacha cheo na mali, na wana na masahaba. Angalieni mpangilio. Hakujikaza akaacha, halafu akapewa. Alishindwa kuacha, akakiri kwamba ameshindwa, halafu kuacha kukawa kwepesi. Sisi kila mwaka mwezi huu unapokaribia tunajipanga kwa misuli: mwaka huu nitaacha hiki, nitaacha kile. Ghazali mwenye akili iliyowatikisa wanafalsafa alikuwa na misuli ya kutosha, na hakuweza kuuachia hata mguu wa kiti chake.

Kutoka kwake nako kunanichekesha kidogo. Aliogopa khalifa na marafiki wakijua watamzuia, akatangaza kwamba anakwenda Makka, huku nia yake ni Sham, upande wa Siria. Mtu anakwenda kuutafuta ukweli wa mwisho, na safari anaianza kwa kufichaficha. Ameandika mwenyewe, hakujipamba. Watu nao wakaanza kukisia. Wanazuoni wa Iraki hawakuweza kuamini kwamba kuacha cheo kile kunaweza kuwa na sababu ya kidini, maana kwao cheo kile ndicho kilikuwa kilele cha dini. Walio mbali wakasema labda kagombana na wakubwa. Walio karibu waliowaona wakubwa wakimng'ang'ania abaki wakasema: hili ni jambo la mbinguni, ni jicho tu limewapata Waislamu. Jicho! Nadhani hata Kariakoo wangesema hivyohivyo.

Wastaafu mliopo mniwie radhi, nina neno nanyi. Namjua mzee mmoja, na kila mmoja wenu anamjua wake. Kiinua mgongo alikipata, nyumba anayo, watoto wamesoma. Lakini ukimwita "mzee fulani" bila kutanguliza cheo alichokuwa nacho kazini, uso unabadilika. Msibani anasubiri aitwe meza ya mbele. Simu ikiita anapokea kwa sauti ya ofisini. Mali huyu hana shida nayo, ukimwomba anatoa. Kinachomshika ni yule mtu aliyekuwa. Sisemi haya kumcheka, kwa sababu dada zetu walio kazini na sisi tunaoshika maikrofoni tunalo lilelile, ila bado hatujanyang'anywa.

Ghazali anasimulia kisa kingine ambacho hakinitoki, cha Abu Yazid wa Bistam, sufi wa karne ya 9. Mtu mmoja mheshimiwa wa mji, mcha Mungu, alikuwa akihudhuria darasa lake. Siku moja akasema: mimi kwa miaka 30 nafunga mchana na kusali usiku, na haya unayoyasema siyaoni moyoni mwangu, ingawa nayasadiki na nayapenda. Abu Yazid akamjibu: hata ukifunga miaka 300 hutayaona hata chembe. Kwa nini? Kwa sababu nafsi yako imekuwa pazia. Basi kuna dawa? Ipo, lakini hutaikubali. Akasema: niambie, nitaifanya.

Akamwambia: nenda sasa hivi kwa kinyozi, unyoe kichwa na ndevu. Vua mavazi haya, vaa shuka duni. Tundika shingoni mfuko uliojaa njugu, wakusanye watoto, waambie kila atakayenipiga kofi moja nampa njugu moja. Kisha ingia sokoni, upite kila soko ambako watu wanakujua, ukiwa katika hali hiyo.

Yule mtu akashtuka, akasema: Subhanallah! Unaniambia mimi jambo kama hili?

Abu Yazid akasema: kauli yako ya Subhanallah ni shirki, ni kumshirikisha Mungu. Kwa nini? Kwa sababu umejitukuza nafsi yako, ukaisabihi hiyo, hukumsabihi Mola wako.

Yule akasema: hili siliwezi, nipe jingine. Akaambiwa: anza na hili kabla ya jingine lolote. Siliwezi. Nilikwambia hutaikubali.

Msije mkatoka hapa kutafuta watoto wa kuwapigeni makofi. Ghazali mwenyewe anaieleza dawa hiyo kuwa ni ya mgonjwa wa namna hiyo, aliyeugua kwa kujitazama na kupenda kutazamwa na watu. Anayekitaja kisa hiki kama sheria kwa kila mtu amekosea, na anayekitumia kuwadhalilisha wanafunzi wake ni dhalimu. Tumewaona mashekhe wa aina hiyo. Kinachonigusa mimi ni lile neno Subhanallah. Mtu alitamka neno tukufu kabisa, kwa matamshi sahihi bila shaka, na ndani yake alikuwa amejiweka mwenyewe. Hakujua. Angefunga miaka mingine 30 asijue. Mfuko wa njugu ulimwonyesha kwa dakika moja.

Sasa huo umoja. Hapa nitapita kwa haraka, kwa sababu ni mahali ambapo ndimi zimeteleza na vichwa vimekatwa. Kur'ani inatuambia kwamba Mwenyezi Mungu yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Kama ndivyo, ukiacha kitu Yeye hasogei. Alikuwa karibu kabla hujaacha. Kinachoondoka ni kile kilichojaa mbele ya macho yako. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kwamba mja Wake haachi kujikurubisha Kwake kwa ibada za sunna mpaka ampende, na akimpenda huwa sikio lake analosikilizia, jicho lake analoonea, mkono wake anaoshikia na mguu wake anaotembelea. Masufi wote wanasimama juu ya maneno hayo. Hali ya mja kutojiona tena wameiita fanaa, na hali ya kurudishwa kwa watu akiwa hai kwa Mola wake wameiita baqaa.

Yuko aliyesema "Mimi ndiye Haki", na Haki ni jina la Mungu, naye ni Hallaj, akauawa Baghdad mwaka 922 baada ya kukaa kifungoni miaka mingi, na siasa za wakati ule zilikuwa na mkono wake. Yuko Junaid, wa Baghdad hiyohiyo, aliyefariki mwaka 910, naye aliuelewa ukaribu uleule lakini akausema kwa kiasi: kumpwekesha Mungu ni kumtenga wa milele na kile kilichoanza kuwako. Mfano wanaoutumia masufi ni wa chuma ndani ya tanuri la mhunzi. Kinakaa motoni mpaka kinakuwa chekundu, kinawaka, kinaunguza, ukikigusa huwezi kukitofautisha na moto. Lakini kilikuwa chuma, ni chuma, na ukikitoa kitabaki chuma. Mimi niko upande wa Junaid, nisifiche. Umoja ambao mtu anautangaza mwenyewe unanitia wasiwasi, maana anayetangaza bado yupo.

Turudi kwa Ghazali, yuko Dameski. Amekaa huko karibu miaka miwili, kazi yake khalwa, yaani kujitenga faraghani, na mazoezi ya nafsi. Mchana alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu wa Bani Umayya, anajifungia mlango. Yule aliyesomesha watu 300 anajifungia peke yake mnarani. Kutoka hapo akaenda Baitulmaqdis, akawa anaingia Kubba ya Mwamba na kujifungia humo. Akazuru Khalil, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, na hapo akaweka ahadi tatu: asiende kwa mtawala, asichukue mali ya mtawala, asiingie kwenye midahalo ya kushindana. Tazameni ahadi zenyewe. Hakuna inayohusu chakula wala nguo. Zote tatu zinahusu ile mizizi ya jina lake.

Na sasa kuna jambo ambalo wahubiri wa zuhudi, wa kuipa dunia kisogo, hulipita haraka. Alipotoka Baghdad aligawa mali yake, lakini alibakisha kiasi cha kuwatosha watoto. Hakuwaacha watupu. Halafu, baada ya kuhiji, anasema maazimio yake na miito ya watoto vilimvuta arudi kwao, akarudi, ingawa alikuwa mtu wa mwisho kufikiri kwamba atarudi. Huko nyumbani akaendelea kutafuta khalwa, na anakiri kwamba matukio ya zama, mambo ya familia na mahitaji ya maisha vilimchafulia usafi wa faragha, na kwamba hali haikuwa ikimsafikia ila kwa nyakati za hapa na pale. Hali hiyo ilidumu kiasi cha miaka kumi.

Nimewapenda mawalii wengi vitabuni, lakini kwa sentensi hiyo nampenda Ghazali kuliko wengi. Miaka kumi, na hali safi ni nyakati za hapa na pale! Mama uliye hapa, unayeamka kuandaa daku, unasali rakaa mbili huku sikio liko jikoni na mtoto analia, usidhani wewe umefungiwa mlango ambao Imamu alifunguliwa. Alikuwa na kelele zako. Tena nathubutu kusema kurudi kwa watoto kulikuwa kuachia kwake kwa pili. Alikuwa ameipenda khalwa, na khalwa nayo ilikuwa imeanza kuwa mali yake.

Wala si yeye peke yake aliyekuwa akivuka malango ya Baghdad wakati ule. Mwaka uleule wa 488 ambao Ghazali alitoka, aliingia kijana wa miaka 18 kutoka Gilan, jina lake Abdulqadir. Ninyi mnamjua: Sheikh Abdulqadir Jilani. Na yeye ana kisa cha wanyang'anyi. Mama yake alimgawia urithi wa baba yake, dinari 40, akazishonea ndani ya nguo chini ya kwapa, akamwahidisha aseme kweli kwa kila hali. Walipopita Hamadan wapanda farasi 60 wakauvamia msafara. Mmoja akampitia: we fakiri, una nini? Dinari 40. Yule akadhani anafanyiwa mzaha, akaenda zake. Wa pili vilevile. Mkubwa wao akamwita, nguo ikapasuliwa, dinari zikaonekana. Kwa nini umekiri? Mama yangu kanichukulia ahadi nisiseme uongo, sitaivunja. Yule mkubwa akalia, akatubu, na wenzake wakatubu pamoja naye, wakarudisha mali ya watu.

Wawekeni hao vijana wawili pamoja. Mmoja anakimbia kuwafuata wanyang'anyi ili arudishiwe mkoba. Mwingine anakuwa karibu kupita salama, zimebaki hatua chache, na kwa kinywa chake mwenyewe anasema mahali zilipo. Wote wawili walirudishiwa. Ghazali aliyapata tena maandishi yake yote, na ilimchukua miaka mingi kuyaachia. Abdulqadir alipata dinari zake zilezile, ila kuanzia pale zilikuwa katika nguo yake tu.

Tarika, yaani njia ya kisufi, iliyobeba jina la Abdulqadir ndiyo iliyofika kwetu kwa wingi. Sheikh Uwais wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza kutoka pwani ya Somalia mpaka Unguja, na wanafunzi wake wakaifikisha bara. Na Bagamoyo, safari fupi tu kutoka hapa, khalifa mkubwa wa tarika hiyo, yaani kiongozi wake, alikuwa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Huyu aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa, kutoka Kongo ya mashariki. Akasoma, akafanya biashara, akawa sheikh ambaye watu wa kila ukoo walikaa chini yake, na Waingereza walipoingia wakamfanya liwali. Lamu nako Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Mtume aliyetoka Ngazija, alikaa akawasomesha watoto wa watumwa na watu wasiokuwa na daraja, wakati wakubwa wa mji hawakuona kwamba elimu ile inawahusu watu kama hao.

Nawataja hao wawili kwa makusudi. Habib Swaleh alikuwa na ukoo wa kuushikilia, akaushika kwa mkono uliolegea. Sheikh Ramiya hakuwa na ukoo uliohesabiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amehesabiwa katika mali ya mtu. Nani angesimama mbele ya Ramiya mtoto, mtumwa, amwambie aache mapenzi ya dunia? Kwanza apewe nafsi yake, ndipo aulizwe kama anaitoa. Ndiyo maana mtu akimwambia mama ntilie aliyebomolewa kibanda kwamba Mungu anamfundisha kuachilia, mimi sikubali. Amenyang'anywa. Mwenye kutakiwa kuachia ni yule aliyebomoa, na sisi tuliokuwa tukila pale kwa bei nafuu halafu tukanyamaza.

Nimalizie habari ya Imamu. Mwaka 1106 mtawala alimtaka arudi kufundisha, safari hii katika Nidhamiya ya Nishapur. Alishauriana na watu wa nyoyo, akarudi. Wenye kumtafutia kosa wakasema amevunja ahadi ya Khalil, na jambo hilo lina mjadala. Yeye anasema: najua kwamba nimerudi kwenye kusambaza elimu, lakini sikurudi. Zamani nilikuwa nasambaza elimu ya kupatia cheo na nikiilingania kwa kauli na vitendo vyangu. Leo nalingania elimu ya kuachia cheo. Darasa ni lilelile. Mkeka ni uleule. Pengine hata somo la siku ya kwanza lilikuwa lilelile. Mwanafunzi aliyeketi nyuma asingeona tofauti yoyote. Hakukaa huko muda mrefu. Akarudi Tus, akasomesha watu wachache karibu na nyumba yake mpaka alipofariki mwaka 1111.

Sasa yamebaki kama dakika kumi na tano kabla ya adhana, na kuna lile suala la mchango wa kisima. Desturi yetu mnaijua: katibu anashika maikrofoni, anasoma "fulani bin fulani, laki mbili", watu takbir, na mwenye elfu tano anainama kutafuta kiatu. Wapo kati yetu waliokuja na ahadi zao wakisubiri zisomwe, na mimi ni mmoja wao. Nimezungumza na katibu, amekubali, japo si kwa furaha, kwamba leo hakuna jina litakalosomwa. Kapu litapita safu kwa safu, upande wa kina mama wana lao. Wanaotuma kwa simu watumie ile namba iliyobandikwa mlangoni. Jina litatokea kwa mhasibu, hilo hatuna la kufanya, naye amenihakikishia ni msahaulifu. Aliyeandika jina juu ya bahasha, kalamu za kufutia ziko pale kwa vijana. Tafadhali tusisimame, tende ziwafuate hapohapo mlipo, na watoto wanywe maji kwanza.